Fundi wa Mguu Wangu

Miguu ninayo miwili. Wa kulia nilizaliwa nao, na wa kushoto nilitengenezewa na mtu ambaye nilikuwa nimeandika barua ili afukuzwe kazi. Nakieleza kisa hiki mwenyewe kabla majirani hawajakieleza kwa niaba yangu, maana wao hutia chumvi nyingi na mimi chumvi daktari amenikataza.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi waliniita Rula, wakidhani sijui. Nilipostaafu, wazee wa nyumba yetu ya ibada wakanifanya katibu wao, kwanza kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na pili kwa sababu sijawahi kukataa kazi inayonipa neno la mwisho. Niliandika barua kuhusu kelele za baa, kuhusu mitaro iliyoziba, kuhusu urefu wa sketi za wasichana. Nilijiona nashikilia mji mzima usianguke.

Siku moja baada ya ibada, mwenyekiti wa wazee alitueleza kwamba kuna fundi wa hospitali kuu anayeishi na mwanamume mwenzake katika nyumba za watumishi, kama wanavyoishi mke na mume. Wazee wakashika vichwa. Tukakubaliana kuiandikia bodi ya hospitali, na kalamu ikaja kwangu kama kawaida. Sikuuliza jina lake wala ni fundi wa nini. Fundi bomba, fundi umeme, kwangu yote yalikuwa mamoja. Sikuuliza kama kuna mtu yeyote aliyekosewa naye. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Neno "uozo" nililitumia mara mbili, nikaona la pili limekaa vizuri zaidi kuliko la kwanza. Nikaweka saini, jina kamili na cheo.

Uozo wenyewe, bila kungoja barua yangu, ulikuwa umeanza kwenye kidole changu cha mguu. Nina ugonjwa wa sukari, na kile kidonda nilikificha ndani ya soksi wiki tatu nzima nisimsumbue mke wangu. Alipokuja kukigundua kwa harufu, madaktari hawakuwa na la kuokoa. Wakaukata mguu chini ya goti. Mke wangu alilia siku moja, na siku ya pili akaniambia afadhali, sasa nikikimbia ugomvi atanikamata bila jasho.

Kigutu kilipopona nilipelekwa karakana ya viungo bandia. Iko nyuma ya hospitali, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka, kwa hiyo siku zote ina joto na harufu ya sabuni. Miguu isiyo na wenyewe imening'inia ukutani, mingine ya watoto, midogo kama mwiko. Katikati kuna vyuma viwili vya kushikia, vimewekwa sambamba, na kioo kirefu mwisho wake ili mtu ajione anavyotembea. Fundi yupo mmoja tu. Ni mtu wa kama miaka arobaini, aproni imekauka plasta mpaka inasimama yenyewe, miwani imefungwa kwa uzi shingoni.

Alichukua kadi yangu akaisoma. Akaisoma tena. Nilidhani labda nilimfundisha zamani, nikajiandaa kusikia habari za viboko. Lakini aliitundika kadi kwenye msumari, akapiga magoti mbele yangu na kusema, "Karibu, mwalimu."

Alikiosha kigutu kwa maji ya vuguvugu. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijakitazama sawasawa. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikifunga, nami nikitazama dirishani. Huyu alikishika kwa mikono miwili, akawa anaubonyeza mfupa polepole na kuuliza: hapa panauma? Na hapa? Nikajibu hapaumi. Miaka yote nimewaambia watoto wa watu kwamba kulia kwa jambo dogo ni utovu wa adabu, sasa ningeanzia wapi? Kwa kalamu ya zambarau akaweka alama alipohisi mfupa umejitokeza, akanizungushia bandeji mbichi za plasta. Plasta ikianza kushika hupata joto. Joto lile lilikuwa kitu kizuri cha kwanza nilichokisikia mguuni tangu nikatwe, nami sikusema hata hilo.

Wiki mbili baadaye mguu ulikuwa tayari. Nilipouvaa na kusimama, nikasikia kama nimekanyaga msumari kwa goti. Fundi akauliza kama niko sawa. Nikasema barabara. Akanitazama usoni, akauliza mara ya pili, nami nikamjibu kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia kwa wazazi wasumbufu. Nikaenda nao nyumbani, nikatembea nao siku kumi huku nauma meno, hadi mke wangu alipokuta damu kwenye soksi ya kigutu. Safari hii hakulia wala hakutania. Alinirudisha karakana kama mtoto mtoro.

Fundi alikiona kidonda akakaa chini sakafuni. Kisha akachukua lile kopo la plastiki ambamo kigutu huingia, kazi yake ya siku kadhaa, akalitupa kwenye pipa.

"Mwalimu," akasema, "mimi sioni ndani ya mfupa wako. Usiponiambia panapouma, nitakutengenezea mguu wa mtu mwingine."

Nimewahi kukaripiwa na maofisa elimu, nimewahi kufokewa na wazazi, lakini hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa upole namna ile. Nikamwambia. Hapa panauma, na hapa, na huku ubavuni panachoma. Nikamwambia hata jambo nililoona aibu kumwambia daktari, kwamba kidole ambacho hakipo kinaniwasha nisijue pa kujikuna. Akasema hilo huwapata wengi. Katikati ya kusema, machozi yakanitoka. Yeye akaendelea kuweka alama zake za zambarau kana kwamba hajaona kitu, na kwa kutoona kwake kule nilimshukuru moyoni kuliko ningeweza kueleza.

Tukaanza upya. Kidonda kikapona, kopo jipya likakaa vyema, na kwa wiki nyingi nikawa naenda na kurudi kati ya vile vyuma viwili naye akinirekebisha. Alikuwa mkali. Nikiinamisha kichwa alisema sakafu haijaibiwa, tazama mbele. Habari za nyumbani kwake hakuzisema, nami sikumuuliza, nikamweka kwenye kundi la watu wa kazi wasiopenda maneno. Nilikuwa nimempenda, ndiyo kweli yenyewe. Nyumbani nilimtaja mpaka mke wangu akauliza kama nimepata mtoto wa tano.

Bodi za hospitali mwendo wake wa kobe. Miezi mitano baada ya barua yangu, mwenyekiti wa wazee akaja nyumbani na furaha tele. Bodi itakaa Alhamisi, akasema, na mimi kama mwandishi nitaisoma barua mbele yao. "Yule wa karakana ya miguu," akasema, akikoroga chai. "Sasa haponi."

Mimi na mke wangu tulitazamana. Karakana ile ina fundi mmoja.

Nitasema nilichokifikiria kwanza, hata kama kinanivunjia heshima: niliufikiria mguu wangu. Ulikuwa umebaki kukazwa mara ya mwisho kwenye kifundo, nami nikaogopa utaishia hapo. Cha pili niliifikiria ile mikono. Nilijipekua nikitafuta lile chukizo nililoliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilitarajia kulikuta, kwa sababu nimelibeba tangu utotoni na sijawahi kuliuliza limetoka wapi. Sikulipata. Nilikuta aibu tu, na hofu ya kumpoteza mtu.

Mgeni alipoondoka, mke wangu akauliza kama nitaisoma. Nikasema barua ni ya wazee.

"Na saini ya nani?" akauliza, akaondoa vikombe.

Kesho yake nilikwenda karakana. Fundi akapiga magoti kama kawaida, bisibisi mkononi, akaanza kukaza kifundo. Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu, lakini uliponifika mdomoni ukawa mfupi.

"Ile barua niliiandika mimi," nikasema.

"Najua. Walinipa nakala. Jina lililo kwenye barua ndilo lililo kwenye kadi yako."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku uliyokuja."

Mkono wake haukuacha kuzungusha bisibisi. Nikamuuliza kwa nini basi alinitengenezea, tena mara mbili.

"Ulikuja huna mguu, mzee," akasema. Akasimama, akajifuta magoti. "Haya, twende, mpaka kwenye kioo."

Nikaenda mpaka kwenye kioo. Mle ndani nilimwona mzee mwenye miguu miwili, na nyuma yake mtu aliyekuwa akitazama hatua zake kwa makini, asije akaanguka. Maisha yangu yote nimefundisha habari za kumtendea wema anayekuudhi. Nimewatahini watoto juu ya jambo hilo na kuwapa alama. Huyu alikuwa amelifanya kwa miezi, kimya, na mimi ndiye niliyekuwa mwenye kuudhi.

Alhamisi tulikutana katika chumba cha mikutano cha hospitali, meza ndefu, chupa za maji, feni inayolalamika. Wajumbe walikuwa watano, na mkuu wao ni mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi. Wazee walikaa nyuma yangu. Fundi alikaa peke yake ukutani, shati limepigwa pasi, mikono haina plasta. Sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa mitupu.

Nikaitwa nisome, nikasimama. Nilisimama bila fimbo.

"Barua hii ni yangu tangu herufi ya kwanza," nikasema. "Nimekuja kuiondoa."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mjumbe mmoja akaniuliza kama nimebadili imani. Nikamjibu kwamba bado nasali, na kwamba yapo mengi katika jambo hili nisiyoyaelewa, na kwa umri wangu sitarajii kulimaliza somo. Ninachokijua ni kwamba nilimshtaki mtu nisiyemjua kwa madhara nisiyoyaona. Nikawaambia mtu ana haki ya kufanya kazi yake na kulala kwake bila kuomba ruhusa ya wazee wa mtaa, na kwamba mambo ya nyumbani kwake ni yake kama yangu yalivyo yangu. Nikasema kama yupo aliyekosa adabu katika shauri hili, amesimama mbele yao kwa mguu wa kupewa.

Yule mama akawageukia wazee, akauliza kama kuna mwenye malalamiko yake mwenyewe, aliyoyaona kwa macho yake. Hakuna aliyejitokeza. Akafunga jalada. Fundi abaki na kazi yake, na nyumba yake abaki nayo.

Mimi ukatibu niliupoteza juma lile lile. Katibu mpya ana mwandiko kama kuku aliyepita kwenye matope, na hilo linanifariji kuliko inavyopasa. Mwenyekiti hanisalimu, mkewe hunisalimu, kwa sauti ya chini. Inaniuma, sitadanganya, maana wale walikuwa rafiki zangu wa miaka mingi na bado nawapenda.

Jumamosi mimi na mke wangu tulikwenda kwa fundi. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi safi. Wanakaa ghorofa ya pili, na ngazi zile nilizipanda moja moja, mke wangu nyuma akihesabu kwa sauti kama refa. Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwembamba mwenye taulo begani. Akatusalimu shikamoo, tukaitikia marahaba, akatukaribisha. Nikaja kujua ni mwalimu wa hesabu. Mwalimu mwenzangu, na mimi nilikuwa tayari kumlaza nje.

Sebule ilikuwa tupu. Hapakuwa na picha ukutani wala kitabu rafuni. Kando ya ukuta yalipangwa maboksi manane yaliyofungwa kwa kamba, kila moja limeandikwa kilichomo. Fundi akaeleza kwa kifupi, kama mtu anayeomba radhi kwa fujo: watumishi wakiachishwa kazi hupewa siku tatu kuhama. Kwa hiyo ile nakala ilipofika walifungasha, wakabaki na sahani mbili na sufuria moja. Miezi mitano. Alikuwa akitoka kwenye chumba hiki kila asubuhi kuja kunifundisha kutembea.

Karatasi ikabaki mfukoni. Nikaomba kisu wakasema kimo ndani ya boksi, hawakumbuki lipi. Basi nikakaa chini sakafuni, fundi akinielekeza niutangulize mguu gani, nikalivuta boksi la kwanza, nikaanza kufungua fundo kwa kucha. Kulikuwa na vikombe ndani ya magazeti. Nilikuwa namkunjulia mke wangu, naye anaosha, mwalimu wa hesabu anapanga rafuni, na fundi amesimama katikati ya chumba chake asijue ashike nini. Nikamwambia asante. Nikamwambia tena. Akaketi karibu yangu akaanza kusaidia kamba.

Tulifungua maboksi saba. La nane wakaniambia niliache, ni nguo za baridi, zitakaa humo mpaka msimu wake. Nililifungua pia. Sikutaka nitoke katika nyumba ile nikiacha hata fundo moja lililofungwa kwa ajili yangu.