Mtunzi wa "Benita"

Kosa ni lake mwenyewe, na Gaël halikatai. Ni yeye, kwa mdomo wake, aliyesema mtunzi wa nyimbo za bendi yao ya roki, Robot Nyekundu, ni Mussa.

Siku hiyo walikuwa wote wanne, yeye, Mussa, Pitchou na Théodore, studio, mtaa wa Doornfontein, huko ugenini. Fomu ya haki za muziki ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo dada Bushra, Mzanzibari wa ofisini, akawa anawasomea kwa Kiswahili huku anajaza.

"Mtunzi wa nyimbo nani?"

Gaël ni mtu wa Bukavu. Akasikia kutunza, kuweka kitu kisipotee. Akaona kichwani lile kopo la biskuti ambamo mpiga besi wao, Mussa, alifungia flashi zote za bendi.

"Mtunzi ni Mussa," akajibu. "Hata muke yake hagusake ile kopo!"

Wakacheka wote. Mussa, mtoto wa Tanga, anayejua vizuri kwamba mtunzi ni yule anayetunga, akacheka kuliko wote. Bushra akaandika. Wakatia saini.

Sasa wimbo wao "Benita" unapigwa redioni, kwenye teksi, mpaka kwa vinyozi. Gaël aliutunga nyumbani, Turffontein, wiki aliyozaliwa binti yake, gitaa mapajani, mtoto kifuani. Mussa alishajitoa, ana bendi yake. Mwezi uliopita Gaël akajirekodi jikoni anauimba, akaweka mtandaoni. Baada ya siku mbili, video ikaondolewa: mwenye wimbo hajatoa ruhusa.

Akakimbilia kwa Bushra. Bushra akatoa fomu.

"Kaka Gaël, si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema anatunza!"

"Ulisema mtunzi."

"Dada, si ni kitu moja?"

Bushra akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Si kitu kimoja, kaka. Mimi nilidhani unajua. Na Mussa alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."

Eish. Hapo ndipo kile kicheko cha Mussa kilipomrudia Gaël masikioni, safari hii bila utamu.

Angemeza yote, kama si binti yake, Benita. Ana miaka kumi na miwili, Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Asubuhi moja akamsogezea baba yake simu juu ya meza ya chai: jina la wimbo, chini yake jina la Mussa.

"Papa," akauliza, mara hii kwa Kiswahili, "kumbe wimbo wangu si wewe uliyenitungia?"

Kundi la bendi kwenye WhatsApp bado lipo, na wote wanne bado wamo. Jumapili Gaël alituma sauti. Tangu hapo wote watatu wameisikiliza, alama za bluu zinaonekana. Juzi akarudia, na leo tena, mara ya tatu:

"Mussa, kaka yangu, bakia na karatasi. Bakia na jina. Umupigie tu Benita, umuambie ni papa yake alimutungia. Pitchou, Théodore, na nyinyi mulikuwa pale. Museme basi."