Manukato ya Dada Mtu

Wivu haununuliwi dukani, jamani. Unaota humo humo ndani ya nyumba. Dada mtu ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi ya kuonja divai hotelini, akamfundisha kushika glasi kwa kikonyo, kunusa kabla ya kuonja, na kutema ndooni bila kujichafua. Leo mwanafunzi ana pua kali kuliko mwalimu, na kila mgeni anamtaka yeye. Dada mtu roho inamuuma, hata chakula hakipiti.

Siku hiyo mwenye hoteli alikuwa anachagua mwonjaji mkuu. Alifungua chupa ya divai nyekundu ya Burgundi, kule Ufaransa, ile ya bei ya kutisha, akasema atakayeieleza vizuri zaidi ndiye atakayepewa cheo. Dada mtu alikisubiri cheo hicho tangu mdogo wake hajui hata kuzibua chupa.

Basi akafanya jambo ambalo mwonjaji halifanyi hata akiwa na wazimu. Alijipaka manukato ya asmini shingoni na mikononi, akaenda kujibana ubavuni mwa mdogo wake ili amharibie pua. Mdogo mtu akanusa, akamtazama usoni, kisha akabeba glasi yake hadi dirishani.

Huko akaizungusha, akavuta harufu, akaonja, akatema. Akasema ina cheri zilizoiva, uyoga, na udongo uliolowa mvua. Uchachu umechangamka, ukakasi ni laini, na ladha haitaki kutoka mdomoni. Mwenye hoteli alikuwa anatabasamu.

Ikaja zamu ya dada mtu. Akainua glasi, na mkono ukaja na harufu yake. Akanusa: asmini. Akanusa tena: asmini tupu. Mchimba kisima kaingia mwenyewe! Akabahatisha tu kwamba divai inanukia maua, tena maua mengi. Mwenye hoteli akakunja uso, akaanza kumsogelea ajue kulikoni.

Kabla hajamfikia, mdogo mtu akajitia katikati.

"Bosi, dada ana mafua tangu jana," alisema. "Ngoja apone, tuonje upya sote wawili."

Mwenye hoteli akakubali, akatoka. Hapo dada mtu alipaswa kushukuru. Wapi! Alisimama pale ananukia kama bibi harusi, machozi yanamlengalenga, na wivu unamchoma kuliko asubuhi. Kwa pua alikwisha kuzidiwa, hilo alilijua zamani. Sasa hata kwa roho nzuri, huyu mtoto kamzidi.