Bwana Kilo na Maji ya Marufuku

Bwana Kilo aliuza nyama miaka na mikaka, na kwa muda wote huo hakuna mteja aliyetoka buchani kwake na kilo iliyotimia. Si kwamba alikuwa mwizi, la hasha, ukimwuliza mwenyewe. Ni kidole tu. Mteja akigeuka kutafuta pesa, kidole cha Bwana Kilo kilipenda kujipumzisha kwenye sahani ya mizani, na kidole nacho, jamani, kina uzito wake.

Figo zake zilipogoma, akapangiwa kwenda hospitali mara tatu kwa wiki, aunganishwe na mashine imsafishe damu na kumtoa maji ambayo mwili ulishindwa kuyatoa. Humo akakutana na mtaalamu wa lishe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya king'ora, ambaye wagonjwa walimwita Bi Marufuku. Ndizi marufuku. Parachichi marufuku. Viazi, mpaka uvikatekate, uvichemshe, na maji yake uyamwage. Chumvi usiitaje kabisa. Na maji ya kunywa ni vikombe vitatu kwa siku, basi.

"Na supu je?" aliuliza Bwana Kilo.

"Supu ni maji."

"Uji?"

"Maji."

"Barafu? Ile si ngumu?"

"Ikifika tumboni itabaki ngumu, baba?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mzee aliyekuwa akikoroma kwenye kiti cha mwisho. Bwana Kilo hakukubali yaishe.

"Sasa daktari, mimi nauza figo kila siku. Nikila mbili tatu za ng'ombe, hazitaziba pengo?"

Bi Marufuku alimwambia kwamba figo na maini pia marufuku.

Mkewe alihudhuria somo la kwanza tu la Bi Marufuku, na alitoka nalo lote kichwani. Alipika bila chumvi. Alimpimia mumewe maji kwa kikombe kimoja cha bati, asubuhi, mchana na jioni. Kisha naye akala kile kile na kunywa kiasi kile kile.

"Ninywe maji mbele yako, wewe unanitazama? Kwani nina moyo wa jiwe?" alisema.

Kichwa kikaanza kumwuma kila jioni, midomo ikampasuka. Alisema ni jua tu.

Kumbe kule buchani kulikuwa na sufuria ya supu ya mifupa, yenye chumvi ya kutosha, na pembeni yake jagi la maji baridi ya kuizima hiyo chumvi. Bwana Kilo alijiambia kwamba kuonja si kula. Akaonja asubuhi, akaonja mchana, na kabla ya kufunga duka akaonja kuhakikisha kwamba alichoonja mchana kilikuwa kizuri. Kufa hakukumtisha sana, maana kufa hakujamfokea mtu. Alichokiogopa ni mkewe kujua.

Ndipo siku moja, Bwana Kilo akipimwa kabla ya kuunganishwa na mashine, Bi Marufuku akasoma mizani na kukunja uso. "Umeongeza kilo nne tangu juzi. Hayo ni maji matupu. Nikiyaona tena namwita mkeo."

Mtu mwingine angeiacha supu. Bwana Kilo aliitazama ile mizani, akaona imewekwa karibu na meza. Safari iliyofuata alipanda, akapeleka mkono nyuma kama mtu anayejinyoosha mgongo, na kuikandamiza meza kwa vidole. Mshale ukashuka. Miaka yote alikuwa akiongeza uzito, sasa akagundua kwamba kupunguza ni kazi ile ile. Bi Marufuku akampongeza mbele ya wagonjwa wote, na mpumbavu yule akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Lakini mashine hutoa maji kwa kadiri ya uzito ilioambiwa. Ikadanganywa, ikatoa kidogo. Yaliyobaki yakakaa mwilini, yakaongezewa mengine, na mengine. Viatu vikakataa kuingia. Akawa hapati usingizi ila ameketi, akimwambia mkewe kwamba godoro limechakaa. Asubuhi moja, shoka likiwa juu ya mfupa, pumzi ikambana. Wateja wakambeba mzobemzobe mpaka hospitali.

Safari hii alipimwa pamoja na kiti cha magurudumu alichokalia, kisha uzito wa kiti ukaondolewa. Alikuwa na barakoa ya hewa usoni, na mikono imelala mapajani haina nguvu. Mkewe akafika akihema, kitenge kimefungwa upande.

"Kilo saba, mama," alisema Bi Marufuku kwa sauti ya chini.

"Kilo saba za nini?"

"Za maji. Na chumvi iliyoyaita."

"Haiwezekani. Mimi ndiye ninayempimia! Vikombe vitatu, na mimi nakunywa hivyo hivyo vitatu."

"Wewe? Wewe figo zako nzima! Nani kakwambia ujinyime?"

"Hakuna. Nilisema kiu tuibebe wawili."

Bi Marufuku akaitazama ile midomo iliyopasuka. Mke akamgeukia mumewe, akamtazama usoni, na Bwana Kilo akafumba macho. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Alisubiri kelele. Hazikuja.

"Naomba glasi ya maji," alisema mkewe.

Nesi akaleta imejaa. Bwana Kilo aliisikia ikishuka kooni mwa mkewe, funda baada ya funda, na alipofumbua macho alikuta bado anatazamwa vile vile. Tone lilimteremka mwanamke kidevuni, asilifute. Akaomba ya pili, akainywa polepole mpaka ikaisha, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefika kutoka mbali.

Kisha akamrudishia nesi glasi.

"Haya, daktari, mfundishe huyu," alisema. "Mimi nimechoka kufaulu peke yangu."