Rangi Nyeusi Mpinini

Du. Kimya. Halafu du tena.

Mpigaji alisita nje ya karakana ya kaka yake, mkono kwenye kitasa. Gongo zuri la besiboli ukiligonga kwa kifundo cha kidole huitika kwa sauti kali, safi. Hili lililogongwa ndani liliitika kama mtu anayeongea na shuka mdomoni.

Aliposukuma mlango, kaka yake alikuwa ameshaliegemeza gongo ukutani, anapangusa mikono isiyo na vumbi.

"Lako hilo, dada. Jepesi kama ulivyotaka."

Lilikuwa jeusi tii, kutoka kichwani mpaka mpinini. Tangu aanze kuchonga, kaka yake hajawahi kupaka rangi mpini. Huuacha mtupu ili mwenye macho aone nyuzi za mti zinaelekea wapi.

"Mbona umelivisha koti mpaka miguuni?"

"Fasheni."

"Fasheni, wewe? Uliyekwenda kuoa na kandambili?"

Wifi yake, aliyekuwa akipiga msasa dirishani, akaangua kicheko. Juu ya nyusi yake kulikuwa na kovu bichi. Yeye ndiye aliyekuwa akimrushia mpigaji mpira mazoezini siku gongo la zamani lilipokatika, kipande kikamfuata usoni.

Mpigaji akalizungusha gongo. Hewa ikalia. Kwa wepesi huu angeuwahi mpira wowote kwenye fainali ya kesho, na mikono yake ilishalipenda. Hilo ndilo lililozidi kumtia shaka.

"Niazime wembe."

"Wa nini? Utaharibu rangi!"

Mpigaji akauchukua mezani, pamoja na kichupa cha wino. Akakwangua mpini mpaka mti ukaonekana, akadondosha tone la wino. Wino hufuata nyuzi: ukinyooka na mpini, gongo litahimili, ukienda upande, ndipo litakapokatikia. Wote watatu wakainama. Wino ukatambaa, ukapinda, ukaenda mshazari kama mlevi anayetafuta kwake.

"Ulijua," mpigaji akasema.

"Kipande chepesi kilikuwa hicho tu!" kaka akafoka. "Kilichonyooka ni kizito, kitakuchelewesha. Wiki nzima unanililia jepesi, jepesi! Na kesho anayerusha si wifi yako, ni wa timu ngeni."

"Wageni hawana macho?" wifi akauliza taratibu.

Kaka akalitazama kovu la mkewe, kisha akatazama chini.

Ni kweli mpigaji alililia jepesi. Akaenda pembeni, akachukua gongo zito ambalo halijapakwa kitu, nyuzi zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Akaligonga. Ting! Alipolizungusha, bega likalalamika.

Akamgeukia wifi yake.

"Wifi, kesho naingia na hili. Nikichelewa mpira, wanizomee mpaka wakaukiwe koo. Lakini hakuna uso wa mtu utakaopigwa na kipande cha mti kutoka mikononi mwangu tena. Nakuahidi, na mumeo anasikia."