Mapipa Yaliyojazwa Sanlúcar

Casilda alishuka kivukoni Sanlúcar, mji wa pwani ya Hispania, akitoka hija ya Rocío, vumbi mpaka kwenye kope, na nyumbani kwake hakuingia. Alikwenda moja kwa moja ghalani. Majuzi yote ulikuwa umevuma levante, ule upepo mkavu wa bara, na ukivuma huo yeye hapati usingizi. Mvinyo wake unataka upepo wa baharini, wenye unyevu, unaolisha utando.

Na utando ndio roho ya manzanilla, mvinyo mweupe wa mji huo, jamani! Huelea juu ya mvinyo, mweupe kama malai, na bila hewa hauishi. Ndiyo maana pipa la Sanlúcar halijazwi mpaka juu abadani. Utando wa Casilda ulikuwa hai tangu enzi za babu yake.

Akachomoa kizibo cha pipa la kwanza. Mvinyo umefika mdomoni. La pili, vilevile. La tatu. Yote pomoni!

"Yesu wangu! Nani kafanya haya?"

Begoña, mke wa mwanawe, akaja mbio anacheka. Ameolewa juzijuzi kutoka Rioja, kwenye mvinyo mwekundu, ambako pipa lenye nafasi ni aibu ya mwenye nyumba.

"Mama, karibu! Nimekujazia yote kwa mvinyo mpya wa tangini. Loo, yalivyokuwa yamepungua! Nikasema maskini mama, hana wa kumsaidia."

"Umeua."

"Nimemuua nani?"

Casilda akakaa sakafuni. "Ufunguo nilikuachia ufungue madirisha tu, mwanangu. Utando unavuta pumzi. Umeuzamisha."

Begoña akashika kichwa, akaangua kilio.

"Usilie. Kwenu ndivyo mlivyofundishwa. Lakini hukuifanya peke yako kazi hii. Nani alikushikia mpira wa kujazia?"

"Fermín."

Fermín! Mwanawe wa kumzaa, aliyezaliwa chumba cha juu ya ghala hilihili! Casilda aliona kama kapigwa kofi. Akampigia ukelele, naye akaja akasimama mlangoni, baba zima na ndevu zake.

"We mtoto umetoka mwezini? Hujui pipa la kwenu halijazwi?"

"Ningejulia wapi, mama? Kila nikitia mguu humu ulinifukuza. 'Toka, utauchafua mvinyo!' Tangu mdogo mpaka nimeoa. Ghala hili nimeliona ndani mara ya kwanza wiki hii."

Maneno hayo yalimshtua Casilda kuliko mapipa. Miaka yote hiyo kaulinda utando usife, na angekufa yeye kesho, nani angejua kuutunza?

"Niinue," akamwambia Begoña. "Tupunguze mvinyo, kisha twende kwa jirani kuomba utando, kama atatupa. Tuanze na pipa hili."

Begoña akamwinua. Fermín alikuwa bado kizingitini, mguu mmoja nje, anamtazama mama yake.

"Ingia," akasema Casilda. "Ingia, mwanangu."