Mguu Ushikao Gogo

Mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliuanza kwa jicho moja.

Lydiah, binti anayepanda ngazi za ghorofa letu mtaani Huruma kuja kunifanyisha mazoezi tangu kiharusi kiniangushe, aliniketisha kitandani, akaushika mguu wangu wa kushoto.

"Fumba macho, mzee. Niambie nagusa kidole gani."

"Mke wangu akitukuta?"

"Atanisaidia kuyafumba hayo macho. Haya!"

Nilifumba moja. La pili nililiacha wazi kidogo, kama mlango wa jirani mmbea. Kidole gumba: nikapata. Cha mwisho: nikapata. Nilikusudia kumchekesha tu, kisha nimwambie. Lakini uso wake uling'aa, akasema hisia zinarudi, nusura apige kigelegele. Tangu nianguke hakuna aliyekuwa amenifurahia hivyo. Nikanyamaza. Alipokwisha kwenda, nikajikuta nimeusadiki uongo wangu mwenyewe.

Watu hudhani sisi wachonga vinyago hula kwa mikono. Mkono hupiga tezo tu. Nyayo ndizo zinazolishika gogo, zikaligeuza, zikajua linapotaka kuponyoka. Bila mguu ule, mimi ni mzee mwenye tezo, basi.

Nikajiteremsha sakafuni, nikavuta gogo la mjakaranda lililokuwa likikauka mvunguni, nikaunyanyua mguu kama mzigo na kuuegemeza. Mapigo ya kwanza yalikubali. Harufu ya mti ikajaa chumbani, nikaanza hata kupiga mluzi. Kisha gogo likateleza, na vibanzi vikaanza kulowa wekundu. Nikashangaa: mjakaranda hauna utomvu wa rangi ile.

Sikuwa nimesikia kitu. Hata mchomo wa mwiba.

Kavutha, mke wangu, alirudi kutoka sokoni akanikuta nikiutazama mguu kana kwamba mgeni ameusahau pale. Hakupiga yowe. Alileta karai la maji ya chumvi, akapiga magoti, akaanza kuosha.

"Mwambie Lydiah asije tena," nilisema.

"Kwa nini?"

"Anafanyisha maiti mazoezi. Mguu huu umekufa, Mama Muoki. Uzikeni, mimi nitaufuata polepole."

"Tulia nifunge."

"Nimesema umekufa!"

Akakaza kitambaa bila kuinua uso.

"Mama yangu alipokufa nilimwosha kwa mikono hii, Baba Muoki, na hakunibishia hata neno. Nyosha mguu."