Miaka Saba ya Kuazima

Mwaka wa tisini na tisa, kampuni za bima za watu binafsi zilipofika hata Kyela, Mzee Aliko wa Ipyana aliambiwa kwamba amezeeka mno kwa bei ya kawaida.

Aliyemwambia ni Mansuri, wakala aliyefungua ofisi pembeni mwa duka la nguo la baba yake. "Shikamoo mzee," alisema kwanza, kwa adabu zote, kisha akaigeuza leseni mezani. "Umezaliwa mwaka thelathini. Una sitini na tisa. Dereva aliyevuka sitini na tano anaongeza nusu ya ada."

"Nusu! Nimegonga nini?"

"Hujagonga kitu, mzee wangu. Ni umri tu."

Lakini umri ule haukuwa wa Aliko. Alizaliwa mwaka thelathini na saba. Mwaka wa hamsini na tano, Mzungu mwenye malori ya mpunga hakutaka dereva aliye chini ya miaka ishirini na mitano. Aliko alikuwa na kumi na minane, baba yuko kitandani, nyumbani njaa. Akajiongezea saba, hadi kwenye leseni. Enzi hizo cheti alikuwa nacho nani? Nusu ya madereva wa kutoka Ngonga mpaka Itungi walizaliwa upya mlangoni kwa Mzungu yule. Sasa miaka ya kuazima ilikuwa inadaiwa, na riba juu.

Nusu ile hakuwa nayo. Na bila stika mpya ya bima kwenye kioo, trafiki wasingempitisha. Land Rover yake ingelala, na vyungu alivyowabebea akina mama wafinyanzi wa Kikisi vingebaki ufukweni Matema.

Akainama, akamnong'oneza Mansuri ukweli. "Kitabu cha ubatizo kipo misheni. Nikalete?"

Mansuri alitazama mlangoni. "Usilete, mzee. Leseni iliyopatikana kwa uongo si leseni. Utakosa bima, ukose na ruhusa ya kuendesha. Mimi sijasikia kitu."

Basi ukweli ungemnyang'anya gari, na uongo ungemkamua mfuko.

"Walipotaka jasho langu hakuna aliyeuliza kama nimekua," Aliko alifoka. "Leo mnataka hela, ndiyo mnahesabu mvi!"

Damari, mfinyanzi aliyekuja naye na mzigo wake wa vyungu, alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza. "Wewe Mansuri," alisema, "unajua huyu tunamlipaje? Chungu kikifika kizima, tunamlipa. Kikivunjika, anatulipa. Miaka ishirini na minne, tangu enzi za mama yangu, hajatulipa hata kigae. Hilo kwenye karatasi zenu halimo?"

Mansuri alikuna kichwa. "Limo. Asiyedai fidia miaka kumi anapunguziwa theluthi."

"Mbona hukusema?" Aliko aliuliza.

"Hukuuliza, mzee."

"Kuongeza mnaongeza bila kuulizwa! Kupunguza, mpaka niulize?"

Mansuri alitazama chini, na aibu yake ilikuwa ya kweli. "Nisamehe. Niletee risiti zako za zamani, zenye muhuri kwamba hukudai. Nitakupigania."

Risiti zilikuwepo, ila ndani ya chungu. Mama yake Damari alimfinyangia Aliko chungu kilichozibwa juu, chenye tundu jembamba tu, mchwa na panya wasiingie. Kila mwaka alikunja risiti, akaitumbukiza. Siku ya kuzitoa hakuwahi kuifikiria.

Kesho yake alikileta amekipakata kama mtoto. Mansuri akajaribu kwa waya. Karatasi zilikuwa zimetanuka ndani, hazikutoka.

"Kivunje," Damari alisema.

"Mikono yangu haijui kazi hiyo."

"Ijifunze leo. Mama alikifinyanga kitunze karatasi. Kimeshazitunza."

Pigo la kwanza kizingitini lilikuwa la woga. Chungu kililia tu. La pili kikapasuka. Risiti ishirini na nne zikamwagika, zote na muhuri uleule: hakudai. Mansuri akazipanga, akaondoa theluthi, na ada ikarudi palepale pa mwaka jana.

"Kwa hiyo," Aliko alisema polepole, "miaka ishirini na minne bila kugonga imeninunulia bei ya dereva aliyeanza jana."

"Ndiyo, mzee."

"Waandikie hivyo huko makao makuu. Kwa maneno hayohayo."

Mansuri akaandika, Aliko akisimamia kila neno. Kisha wakabandika stika kwenye kioo.

Damari alikuwa anaokota vigae. "Cha kwanza hicho, baba. Makubaliano yetu unayajua."

"Unanidai?"

"Nakudai."

Aliko akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake, akatoa bei ya chungu kimoja. Damari akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ndaga," alishukuru, akapanda garini. "Nitakufinyangia kingine. Hicho nitakiacha mdomo mpana, maana watu hawa watakuuliza tena mwakani."